Nilipakwa poda ya diploma ambayo sikuwa nayo: jibu langu kwa aliyeuliza sifa za mwalimu wa muziki

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Juzi mdau mmoja aliuliza humu: mtu akitaka kuwa mwalimu wa muziki shuleni, anatakiwa awe na sifa gani? Nilisoma majibu yote. Mmoja akasema kipaji. Mwingine akasema sikio. Mwingine akasema ukijua kupiga kinanda inatosha, mengine yote ni urasimu.

Nilitaka kujibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Jibu langu lina miaka ishirini na tatu ndani yake, na sehemu kubwa sijawahi kumwandikia mtu. Nitasema mambo yalivyokuwa, hata yale yanayonidhalilisha. Anayetaka kunirushia jiwe asubiri nimalize.

Mnisamehe pia Kiswahili changu. Sisi huku tunachanganya na Kifaransa mpaka tunasahau neno lipi ni la nani. Maneno ya mama yangu nitayaandika kama alivyoyasema, maana nikiyanyoosha hayatakuwa yake tena; mkiona "njo" ni ndiyo, "masomo" ni shule, "fasi" ni nafasi.

Nianze na poda.

Kwa wasiojua: huku kwetu mtoto akimaliza sekondari anafanya mtihani wa taifa, Examen d'État, kwa kifupi Exetat. Akifaulu anapata diploma ya serikali, na bila hiyo diploma milango mingi haifunguki.

Siku matokeo yanapotoka, aliyefaulu anapakwa poda nyeupe, ile ya watoto wachanga. Anamwagiwa kichwani, usoni, shingoni, mpaka anafanana na mtu wa mashine ya kusaga unga. Halafu anatembea mtaani hivyo hivyo na hakuna anayemuuliza kitu. Poda ndiyo tangazo. Ukiona kijana mweupe siku hiyo unampigia vigelegele hata kama humjui kwao.

Enzi zetu hakukuwa na matokeo ya simu. Listi zilibandikwa kwenye ukuta wa shule, ulienda mwenyewe kutafuta jina lako.

Mimi sikuwa mjinga darasani. Nilikuwa section ya pédagogie, ile inayoandaa walimu, na nilikuwa kati ya wale wanaoazimwa daftari na wenzao. Ila siku ile niliogopa. Wenzangu walienda asubuhi. Mimi nikajifanya nina kazi ya kupalilia. Tulikuwa na kipande cha mahindi nyuma ya nyumba, kule commune Annexe, pembezoni mwa mji. Mchana ndipo nikatoka, mguu mmoja mbele, mwingine unarudi nyuma.

Sikufika shuleni.

Njiani nilikutana na kundi la wenzangu wanarudi, weupe wote, wanaimba. Mbele yao alikuwa rafiki yangu Mwamba, ana kopo la poda mkononi. Aliponiona alikimbia akanikumbatia, akanimwagia kopo kichwani. Wengine wakamalizia na makopo yao.

Sikuuliza kitu. Nilidhani ameliona jina langu. Miaka mingi baadaye Mwamba aliniambia kwamba siku ile hakuangalia jina la mtu zaidi ya lake mwenyewe. Alidhani kama yeye amefaulu, mimi niliyekuwa namfundisha hesabu siwezi kuwa nimeanguka. Yeye alikisia, mimi nikamwamini.

Nikarudi nyumbani mweupe.

Mama yangu alikuwa uani anaanika mihogo. Aliniona toka mbali. Sijawahi kumsikia mama akipaza sauti namna ile, si kabla wala baada. "Alishapata! Mutoto yangu alishapata!" Akavua kitenge chake cha juu, akakitandika chini kwenye vumbi ili nipite juu yake. Majirani wakaja, na wao wakatandika vya kwao.

Papa alirudi kutoka kazini jioni. Alikuwa mfanyakazi wa fonderie, kiwanda cha kuyeyusha shaba, mtu wa maneno machache sana. Alishuka kwenye baiskeli yake, akanitazama, akaweka mkono juu ya kichwa changu. Kisha akautazama ule mkono ulivyokuwa mweupe, akacheka peke yake.

Wakuu, naomba mnielewe hapa. Siku ile ya kwanza sikudanganya mtu. Nililala nikijua nina diploma.

Kesho yake ndiyo nilienda shuleni kuangalia pointi zangu.

Naitwa Kalenga. Kwenye listi kulikuwa na Kalala, na chini yake Kalonji. Kati yao hakukuwa na mtu. Nilisoma mara tatu. Nikaenda kwenye listi ya section nyingine, labda wamekosea ukuta. Nikarudi. Nikamwomba mlinzi anisomee, naye akasoma Kalala, Kalonji, akaniangalia. Kwenye masikio nilikuwa bado na poda ya jana.

Nilirudi nyumbani nimeamua kusema. Njiani nilipanga maneno: kwamba nilikosea, kwamba ni Mwamba, kwamba nitarudia mwakani. Sio mimi wa kwanza kuanguka Exetat duniani. Nilijua mama atalia, papa atanyamaza, na baada ya wiki moja tutakula bukari, ugali wetu, kama kawaida.

Nilipoingia nilimkuta papa yupo nyumbani, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa saa ile. Aliomba ruhusa kazini. Juu ya meza kulikuwa na kinanda cha umeme. Si kipya, funguo mbili zilikuwa zimekuwa za njano, lakini kilikuwa kizima.

Toka nikiwa mdogo nilikuwa naiba muda kwenye ogani ya parokia, na nilikuwa nimemwomba papa kinanda mpaka nimechoka kuomba.

Akasema: "Uliniombaka kinanda. Nilikuambia, siku ya diplôme. Njo leo."

Nikachungulia ukuta wa uani, pale baiskeli yake ilipokuwa inaegemea. Haikuwepo. Aliibadilisha na kinanda.

Nikasema, "Aksanti, papa."

Hilo ndilo neno langu la kwanza la uongo, na lilikuwa neno zuri tu, la heshima. Nimelifikiria sana tangu hapo.

Kuanzia wiki ile papa alienda kazini kwa miguu. Kutoka kwetu mpaka fonderie ni saa moja na nusu kwa mtu anayekaza mwendo. Masika alikuwa anabeba viatu kwenye mfuko wa plastiki ili asiviharibu kwenye matope, anavivaa akifika getini. Hakulalamika hata siku moja. Jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya kinanda, nasikia anakung'uta miguu mlangoni, na ananiambia niendelee, nisiache kwa sababu yake.

Mtauliza: na diploma yenyewe, hakuna aliyeitaka?

Hapo ndipo nchi ilinisaidia kudanganya. Huku kwetu unaweza kufaulu leo, karatasi yenyewe ikaja baada ya miaka. Inatoka Kinshasa. Kuna watu wazima kabisa wanasubiri za kwao. Kwa hiyo papa akiuliza, nilijibu, "Bado iko Kinshasa, papa." Mke wangu nilimwambia hivyo hivyo. Lilikuwa jibu ambalo hakuna anayeweza kulibishia.

Mara ya mwisho papa aliniuliza akiwa kitandani, mwaka aliofariki. Nikamwambia iko Kinshasa. Akasema, "Itakuya tu." Akageukia ukuta.

Alitembea miaka kumi na moja.

Sasa nije kwenye muziki, maana uzi ni wa muziki.

Kwa kinanda kile nilijifunza. Mzee mpiga ogani wa parokia alinifundisha solfège: kusoma nota, kugawa sauti nne, kusikia kwamba tenor mmoja kwenye kona ya nyuma yuko chini nusu sauti. Akazeeka, nikachukua nafasi yake. Nikaongoza chorale (kwaya) ya wakubwa, halafu ya watoto. Nimefundisha watoto wa Annexe kuimba do-re-mi kwa ubao uliopasuka na chaki ya kuokota. Wengine leo wanapiga vizuri kuliko mimi, na ninajivunia, sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo ninyi mnaosema kipaji kinatosha, mimi nilikuwa nacho. Sikio nilikuwa nalo. Kinanda nilikuwa nacho, na nilijua kilitoka wapi.

Mwaka juzi shule moja ya binafsi, upande wa Karavia, iliniita niwaandae watoto kwa sherehe ya kufunga mwaka. Kazi ya wiki sita. Niliwakuta wanaimba kwa kupiga kelele, nikawaacha wanaimba kwa sauti tatu. Wazazi waliovaa miwani ya jua walivua miwani.

Baada ya sherehe, Mama Directrice, mkuu wa shule, aliniita ofisini. Ni mama mnene, mpole, ila macho yake hayakosi kitu. Akaniambia anataka mwalimu wa muziki wa kudumu, kuanzia primaire, shule ya msingi, mwenye kontrakti na jina lake kwenye listi ya walimu.

"Maître, miye sina shida na weye. Batoto banaimba, bazazi banafurahi. Lakini inspecteur akikuya, haangaliake kuimba. Anaangaliaka dossier."

Akanitajia dossier yenyewe, karatasi ambazo mkaguzi huyo anazitaka. Mdau uliyeuliza, chukua kalamu, nakwambia ya huku kwetu, kwenu yaweza kuwa tofauti. Kufundisha primaire: diploma ya serikali, na ya pédagogie ndiyo wanayoipenda. Uthibitisho wa muziki kutoka mahali ulipojifunza; kwangu ilitosha barua ya parokia yenye muhuri. Karatasi ya tabia njema, karatasi ya daktari. Ukitaka sekondari, uongeze miaka mitatu ya chuo cha ualimu, na kupanda zaidi ya hapo ni chuo tena. Alisema ataniruhusu kuanza na ile ya kwanza, mengine nitasoma nikiwa kazini.

Barua ya parokia niliipata siku hiyo hiyo. Ya daktari siku mbili. Tabia njema nayo nilipewa, na karani aligonga muhuri bila hata kunitazama.

Nikabaki na moja.

Nilimwambia Mama Directrice iko Kinshasa. Akatabasamu, akasema basi nilete attestation, ile karatasi ya muda ambayo shule hutoa. Hata hiyo, ukiwa hukufaulu, hakuna wa kukuandikia.

Habari zikamfikia mama. Mke wangu alimwambia kwa furaha, angejuaje? Mama sasa ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote. Nilimkuta uani amekaa, amevaa kitenge cha kutokea.

"Ile karatasi iko Kinshasa miaka yote hii, inafanya nini? Kesho nitaenda miye mwenyewe ku masomo yako ya zamani. Nitakaa ku mulango mupaka banipe."

Nilimwambia asijisumbue.

"Sijisumbue? Papa yako alikufa anaingojea. Miye nitaenda."

Nilimjua. Angeenda kweli. Angekaa mlangoni pa shule na fimbo yake, wangefungua vitabu vya zamani kwa kumheshimu, na wangemsomea Kalala, Kalonji. Angelisikia kutoka kwa mtu mgeni, mbele za watu.

Nikakaa chini, juu ya kinu kilicholala.

"Mama, karatasi haiko Kinshasa. Haiko fasi yoyote. Sikupataka."

Hakuelewa haraka. Akaniuliza, "Na poudre?"

"Mwamba alinimwangia. Hakuonaka jina yangu. Na miye sikuwa nimefika ku listi."

Kuku walikuwa wanachakura pale karibu na miguu yake, na kwa kawaida huwafukuza. Hakuwafukuza.

"Papa yako alijuaka?"

"Apana, mama."

Akatazama ukuta, pale pale pa baiskeli, kana kwamba bado kuna kitu.

"Njo ulimutembeza papa yako ku miguu miaka yote ile."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Aliinuka, akaingia ndani, akavua kitenge cha kutokea. Kwa wiki nzima hakunisemesha. Chakula alinipa, salamu aliitikia, lakini jina langu hakulitaja. Nililia, wakuu. Mtu wa miaka arobaini na moja, nyuma ya nyumba, kati ya mahindi.

Wiki hiyo hiyo kuna mtu alinipa njia ya mkato. Sitamtaja wala sitasema wapi. Alisema diploma inaweza "kupatikana", na mwaka wowote ninaoutaka, na inspecteur hataona tofauti. Nilichukua namba yake. Nikakaa nayo mfukoni siku tatu.

Sitaki kujifanya mtakatifu. Niliitoa mara mbili nikitaka kupiga. Kilichonizuia ni kwamba nilijua siku nikiingia na ile karatasi nyumbani, mama atanitazama tu. Nimeshapakwa poda ya uongo mara moja bila kujua. Mara ya pili ningekuwa najipaka mwenyewe. Nikaichana ile namba.

Nikaenda kwa Mama Directrice, nikamweleza kila kitu, kuanzia kopo la Mwamba.

Alivua miwani, akaisafisha kwa pembe ya kitenge chake muda mrefu. Kisha akasema:

"Sitaandika jina yako ku listi ya balimu. Siwezi. Chorale itabakia yako. Na fasi ya musique nitaichunga mwaka moja. Moja tu, Maître, juu kuko bengine benye banaiomba."

Halafu akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote hiyo sikuwahi kulitafuta kwa sababu ya aibu: kwamba mtu mzima anaweza kufanya Examen d'État bila kurudi darasani. Anajiandikisha kama autodidacte, yaani aliyejisomea, anatoa ripoti zake za zamani za shule, anakaa chumba kimoja cha mtihani na watoto na kufanya mtihani ule ule. Njia ilikuwepo tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeikwepa.

Nilisoma mwaka mzima. Asubuhi chorale, mchana vitabu. Kuna wanafunzi wa chuo wa Kasapa, wawili, walinifundisha hesabu kwa kubadilishana na masomo ya kinanda. Kanuni zilizonikataa nilizipa sauti, nikaziimba kama zaburi. Mke wangu, baada ya kunikasirikia kwa haki yake, ndiye aliyekuwa ananiuliza maswali huku anapika.

Siku ya mtihani nilivaa kama watahiniwa wote: shati jeupe, suruali ya bluu. Pale getini msimamizi mmoja aliniinamia kwa heshima: "Papa Inspecteur, bureau iko pale kuume." Nikamwonyesha kadi yangu ya mtahiniwa. Akaisoma, akanitazama, akanionyesha foleni ya watoto.

Siku nne. Culture générale, yaani maarifa ya jumla, sciences, lugha, na siku ya mwisho masomo ya section yetu. Kiti kilikuwa kidogo, magoti yalinigusa ubao wa juu. Mtoto wa kike wa pembeni yangu alinikopesha ufutio. Siku ile ya mwisho, lile swali la jinsi ya kuandaa somo kwa watoto wasiojua kusoma, nilikaa na kalamu mkononi nikamfikiria papa na mfuko wake wa viatu. Nikaogopa machozi yatadondoka kwenye karatasi ya majibu na mashine ya kusahihisha iikatae.

Kisha kusubiri. Sitaeleza kusubiri. Aliyesubiri anajua.

Siku hizi matokeo yanakuja kwa simu. Unatuma code, inajibu. Ilijibu: RÉUSSI, yaani nimefaulu, asilimia hamsini na moja. Hamsini ndiyo mpaka. Nimebaki juu ya mto kwa jiwe moja, lakini nimevuka.

Nilimpelekea mama simu. Mama hajui kusoma. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, akanirudishia.

"Simu iko na mambo mingi. Twende ku masomo. Nione ku ukuta."

Tulienda, mimi na yeye, kwa taxi, kwenye shule nilikofanyia mtihani. Listi zilikuwa zimebandikwa, vijana wamejaa, poda inaruka hewani. Mama alipita kati yao na fimbo yake, nao wakampisha. Hakunitaka mimi nimsomee. Alimwita mlinzi.

"Baba, unisomee hapa. Mutu anaitwa Kalenga."

Mlinzi akapitisha kidole. Kalala hakuwepo safari hii. Akafika, akasoma jina langu lote, la kwanza mpaka la mwisho. Mama akamwambia arudie. Akarudia. Mama akaweka kidole chake mwenyewe pale, akakaa hivyo kwa muda, vijana wakisubiri nyuma yetu.

Kisha akafungua fundo la kitenge chake na kutoa kopo la poda. Jipya, halijafunguliwa. Sijui alilinunua lini. Huenda siku niliyojiandikisha.

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekingoja kitu hiki miaka mingi, wakuu, niliinama kama mtoto.

Hakunimwagia. Alichukua mkono wangu, akaliweka kopo ndani yake.

"Hii ni ya papa yako. Umupelekee. Ku miguu."

Nikamuuliza, "Na weye, mama?"

"Miye nitapanda taxi. Miye sikumudanganyaka."

Akapanda. Nami nikaanza kutembea.

Makaburi aliko papa ni mbali, upande wa kwetu, na njia yake inapita fonderie. Nilipita pale getini alipokuwa anavalia viatu. Nikaendelea kwa njia yake ile ile ya kurudi nyumbani. Jua lilikuwa kali, viatu vyangu vya mtihani vilinibana, na kwenye kilomita ya mwisho nilivivua nikavibeba mkononi. Sikupanga kufanya hivyo. Miguu iliniuma tu. Watu waliniona na kopo mkononi na kichwa kikavu, wakadhani nampelekea mtoto wangu. Mama mmoja akanipigia kigelegele kwa ajili ya mtoto huyo.

Mama yangu alikuwa amefika zamani. Alikuwa amekaa pembeni ya kaburi, amenyoosha magoti yake, ameshang'oa majani.

Nilifungua kopo nikalimwaga. Nilimwaga polepole, toka upande wa kichwa mpaka miguuni, hasa miguuni. Nikamwambia papa yote. Listi, Kalala na Kalonji, ile "aksanti" yangu, Kinshasa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, hakunisahihisha popote.

Nilipomaliza aliniita karibu. Poda kidogo ilikuwa imemrukia kiganjani. Aliniwekea mkono juu ya paji la uso, kama anayepima homa ya mtoto, akauacha pale. Halafu akaliita jina langu.

Tulirudi wote kwa taxi.

Sasa nafundisha. Jina langu liko kwenye listi ya walimu ya ile shule, na mwaka huu nimeanza chuo cha ualimu, kwa jioni chache za juma. Kinanda chenye funguo za njano kipo darasani kwangu. Watoto wanaruhusiwa kukigusa, lakini wanaosha mikono kwanza. Sheria yangu.

Mdau uliyeuliza sifa, karatasi nimeshakutajia huko juu. Uzikusanye mapema, moja moja, na za kwako. Kipaji kisikudanganye kwamba karatasi ni upuuzi. Nimefundisha miaka mingi bila hiyo na kila siku niliogopa mtu asije akaniuliza. Na kama kuna kosa la kukiri kabla ya kusimama mbele ya watoto, likiri wakati mwenye kukosewa bado anasikia. Mimi nimewahi mmoja tu kati ya wawili.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna humu aliyewahi kushangiliwa kwa kitu ambacho hakuwa nacho, akanyamaza, aandike hapa chini, hata kwa jina la bandia. Nitasoma yote, na sitamhukumu mtu.

Najua pia kuna atakayetaka niweke picha ya diploma ili aamini. Attestation ninayo, iko kwenye dossier ya Mama Directrice. Diploma yenyewe, ndugu zangu, bado iko Kinshasa. Jana mama ameniuliza, nikamjibu hivyo, akaniangalia usoni, halafu akasema, "Itakuya tu."